Mali Ikishauzwa Hairudishwi: Nani Alipitisha Sheria Hii?

Wadau, leo tuongee kuhusu sentensi moja tu. Ni fupi, haina msamiati mgumu, lakini nadhani inatiiwa kuliko sheria nyingi zilizopita Dodoma. Imepigwa chapa chini ya risiti. Imebandikwa ukutani nyuma ya muuzaji. Siku hizi imehamia kwenye kurasa za wauzaji wa Instagram, chini ya namba ya simu na kile kiapo cha "mzigo orijino, mpya ndani ya boksi". Sentensi yenyewe mnaijua: Mali ikishauzwa hairudishwi.

Wengine huipamba kwa adabu: "Asante kwa kununua kwetu, karibu tena. Mali ikishauzwa hairudishwi." Yaani mtu anakukaribisha na kukufungia mlango kwa pumzi moja.

Juzi nilipekua droo ya meza yangu nikatoa risiti za vitu vya umeme nilivyowahi kununua: chaja, spika, flashi, pasi, waya wa hiki na kile. Nyingi zina sentensi hiyo. Hakuna hata moja inayotaja sheria inayoipa nguvu. Na haiwezi kutaja, kwa sababu hakuna sheria ya Tanzania inayosema kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Ni desturi ya dukani tu, na tumeizoea mpaka tunadhani ni amri.

Hoja yangu ya leo ni kwamba desturi hiyo ilikuwa na maana yake pale ilipozaliwa, yaani kwenye kaunta ya duka. Kwenye biashara ya mtandaoni kaunta haipo, kwa hiyo na maana yake haipo. Anayeuza simu au laptopu kwa picha, akapokea pesa kwa simu, akatuma mzigo kwa bodaboda halafu akaandika "hairudishwi", anatumia kanuni ya dukani bila kutoa kile ambacho duka lilikuwa linatoa.

Twende Kariakoo kwanza, Mtaa wa Aggrey, tununue simu. Muuzaji anakata nailoni ya boksi mbele yako. Anaiwasha. Unabonyeza *#06#, namba za IMEI zinatokea, unazilinganisha na zilizoandikwa kwenye boksi. Unaweka laini yako, unampigia mwenzako aliyesimama nje, mnasikilizana. Unapiga picha ukuta, unapiga picha sura yako, unachomeka chaja uone kama inaingiza moto. Ukinunua balbu, wanaipachika kwenye kile kibao chenye soketi, inawaka, unalipa. Ukinunua pasi, inachomekwa hadi taa yake iwake na mtu anaigusa kwa kidole kilicholowa mate. Hakuna anayeyaita haya sera ya biashara. Ni kujaribu tu. Muuzaji anayekataa bidhaa yake isijaribiwe, mteja anavuka barabara anakwenda kwa jirani.

Ukishajaribu, ukaridhika, ukalipa, ukaondoka, hapo muuzaji akisema hairudishwi angalau unamwelewa. Umeona kwa macho yako. Ikidondoka kwenye daladala ya Mbagala, hilo ni lako.

Sasa tuhamie mtandaoni. Picha unayoonyeshwa mara nyingi si ya simu utakayopewa, ni ya mtengenezaji. Bei haijaandikwa, "njoo inboksi". Ukifika inboksi unaambiwa lipia kwanza, tena "tuma na ya kutolea". Kama uko Dar, bodaboda anakuletea huku injini inanguruma na ana mizigo mingine minne. Anataka sahihi au neno "nimepokea". Kama uko Mwanza au Songea, mzigo unakuja kwa basi, umefungwa kwa gundi ya karatasi, unaufuata stendi usiku. Wahenga walishatuonya kuhusu kununua mbuzi kwenye gunia. Sisi tunanunua mbuzi kwenye gunia, gunia liko mkoa mwingine, na mwenye mbuzi anasema ukishafungua gunia shauri yako.

Na vitu vya umeme vina tabia moja mbaya: ugonjwa wao hauonekani usoni. Shati likichanika unaliona. Lakini kuna memori kadi inayojitambulisha kuwa ina GB 512 wakati ndani yake kuna 32. Utajua lini? Siku itakapojaa, picha za harusi ya dada yako zikaanza kufunguka nusu nusu. Kuna laptopu yenye betri inayoonyesha asilimia 100 na baada ya dakika 20 inazima kama mshumaa. Kuna simu iliyotumika, ikafanyiwa ukarabati, ikavalishwa boksi jipya. Inafanya kazi vizuri mpaka siku utakapoifuta uianze upya, hapo inakudai akaunti na nywila za mtu usiyemjua wa huko ilikotoka. Kasoro kama hizi hata pale Aggrey hazionekani kwa dakika tano. Zinahitaji siku.

Kwa hiyo, ndugu zangu, zile siku saba au kumi na nne za kurudisha bidhaa tunazosikia kwa wenzetu si hisani wala ukarimu wa Kizungu. Zile siku ndizo kaunta yenyewe. Wameiondoa dukani wakaiweka sebuleni kwa mnunuzi. Anayezikataa amekukataza kujaribu.

Msidhani haya ni mawazo ya kijana aliyesoma vitabu akasahau maisha. Tuangalie sheria zetu wenyewe.

Tunayo Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214. Ni ya tangu enzi za mkoloni, na mama yake ni sheria ya Uingereza ya mwaka 1893, wakati hata redio haijafika majumbani. Pamoja na uzee wake, inasema mambo ambayo wauzaji wengi wa leo hawataki kuyasikia. Inasema bidhaa inayouzwa kwa maelezo lazima ilingane na maelezo hayo. Inasema bidhaa inayonunuliwa kwa maelezo kutoka kwa mtu ambaye kuuza bidhaa hizo ndiyo kazi yake, iwe na ubora unaostahili kuuzika. Halafu inaweka mpaka: kama mnunuzi aliikagua bidhaa, hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi wake ulipaswa kuifichua.

Someni tena hapo. Sheria yenye asili ya zaidi ya miaka mia moja inajua tofauti kati ya aliyekagua na ambaye hakukagua. Aliyekagua anapunguziwa ulinzi kwenye kasoro zinazoonekana. Ambaye hakukagua, ulinzi wake umebaki mzima. Na inaongeza kwamba mtu aliyeletewa bidhaa asiyowahi kuikagua hahesabiwi kuwa ameikubali mpaka apate nafasi ya kutosha ya kuikagua. Ile "nimepokea" unayomwambia bodaboda maana yake umepokea boksi. Haina maana kwamba umekubali kilichomo.

Kuna jingine ambalo nililipenda niliposoma. Mnunuzi mwenye haki ya kukataa mzigo, kama hamkukubaliana vinginevyo, halazimiki kuurudisha mwenyewe. Inatosha amjulishe muuzaji kwamba ameukataa. Wale wanaokuambia "lete dukani kwa gharama zako ndipo tuongee", wakati duka liko Dar na wewe uko Bukoba, wajue kwamba sheria haikuanzia hapo.

Muuzaji mjanja atasema: sawa, lakini sheria hiyohiyo inaturuhusu kukubaliana vinginevyo, na mimi nimeandika hairudishwi kwenye risiti. Jamani, risiti inatolewa lini? Baada ya kulipa. Mkataba umeshafungwa, ndipo sharti linaingia? Mwaka 1949 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza iliamua kesi ya mgeni aliyeibiwa nguo za thamani kwenye hoteli ya London. Hoteli ilijitetea kwa tangazo lililobandikwa chumbani, kwamba haitawajibika kwa mali iliyopotea. Mahakama ikasema mkataba ulifungwa mapokezi, kabla mgeni hajaliona tangazo la chumbani, kwa hiyo tangazo halimo kwenye mkataba. Sharti unaloliona baada ya kufunga biashara si sharti mlilokubaliana. Risiti inayokuja ndani ya boksi lililofungwa ni tangazo la chumbani.

Kisha ikaja Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, iliyounda Tume ya Ushindani, ile tunayoiita FCC. Wengi tunaijua tume hii kwa kuchoma na kuteketeza bidhaa feki. Lakini sheria yake inakwenda mbali zaidi ya moto: inakataza mwenendo wa kibiashara unaopotosha au kudanganya, na inazungumzia masharti yanayohesabiwa kuwemo kwenye mikataba ya mlaji hata kama hayakuandikwa. Na kumwambia mteja kwamba hana haki ambayo sheria imempa, hilo kama si kupotosha sijui tuliite nini.

Mwaka 2015 tukapata Sheria ya Miamala ya Kielektroniki. Imetenga sehemu ya kumlinda mlaji, na inamtaka anayeuza mtandaoni ajitambulishe: jina lake, mahali alipo, namna ya kumpata. Vilevile inatambua kumbukumbu za kielektroniki kama ushahidi. Maana yake ni kwamba mazungumzo yenu ya WhatsApp, tangazo lake ulilolipiga picha ya skrini, ujumbe wa muamala wenye jina lake, vyote hivyo vina uzito. Sasa nendeni kwenye kurasa kumi za wauza simu mtandaoni mhesabu ni ngapi zimeandika jina kamili la mwenye biashara na mtaa alipo. "Tunapatikana Kariakoo" si anuani. Kariakoo yote?

Naomba hapa nitenganishe mambo matatu, kwa sababu ujanja mwingi unafanyika kwa kuyachanganya.

La kwanza ni bidhaa yenye kasoro, au isiyolingana na tangazo. Umeambiwa mpya, imekuja iliyotumika. Umeambiwa GB 256, imekuja 64. Kioo kimekuja na ufa. Hapa kurudisha ni haki, na aliyekataa mzigo kihalali anadai pesa yake. Halazimiki kuambiwa "chagua kitu kingine cha bei hiyohiyo".

La pili ni kubadili mawazo. Simu ni nzima, ila rangi haikupendezi, au umegundua ni kubwa kuliko mfuko wako wa suruali. Dukani, hili ni hisani ya muuzaji. Aliyenunua kwa kuona hana cha kudai. Mtandaoni ndipo nchi nyingi zimetunga sheria, na nitazitaja.

La tatu ni waranti. Hii ni ahadi ya ziada, mara nyingi ya mtengenezaji, kwamba kifaa kikiharibika ndani ya muda fulani kitatengenezwa. Waranti haifuti la kwanza. Mkataba wako ni na mtu uliyempa pesa, naye ndiye wa kwanza kuulizwa.

Mchezo unavyochezwa ni hivi: mteja anakwenda na la kwanza, anajibiwa kwa la pili. "Kaka, sisi hatupokei mtu aliyebadili mawazo." Hakubadili mawazo! Simu haishiki mtandao! Akisisitiza, anasukumwa kwenye la tatu: "Dada, peleka kwa wakala, waranti ipo." Anafika kwa wakala anaambiwa IMEI hii haikuingizwa nchini na sisi. Anarudi kwa muuzaji, namba imeshamblock. Watu wengi huishia hapo, wanasema nimemwachia Mungu.

Mimi ninaamini katika kumwachia Mungu mambo ya Mungu. Simu ya shilingi laki nne si mojawapo.

Wenzetu wamefanyaje? Tuanze na China, kwa sababu vifaa vingi tunavyouziwa vinatoka huko na hakuna atakayesema ni nchi isiyojua biashara. Tangu tarehe 15 Machi 2014, mnunuzi wa mtandaoni wa China anaweza kurudisha bidhaa ndani ya siku 7 tangu aipokee bila kutoa sababu. Wameondoa vitu kama vinavyoharibika haraka, vilivyotengenezwa kwa oda maalumu, na programu zilizokwishapakuliwa. Bidhaa irudi ikiwa katika hali nzuri, na nauli ya kuirudisha analipa mnunuzi, isipokuwa kama wamekubaliana vinginevyo. Kwa hiyo mfanyabiashara wetu anayekwenda Guangzhou kufunga mzigo anapita katikati ya nchi ambayo raia wake wana siku 7. Anaporudi nyumbani anatuambia haiwezekani, biashara itakufa.

Umoja wa Ulaya una siku 14, kwa maelekezo ya mwaka 2011 yaliyoanza kutumika Juni 2014. Kilichonivutia ni sababu waliyoitoa: mnunuzi wa mbali hawezi kuiona bidhaa kabla ya kununua, hivyo apewe nafasi ya kuikagua na kuijaribu. Na wakaweka kipimo, kwamba aishike na kuijaribu vile ambavyo angeruhusiwa dukani. Akizidisha hapo, thamani iliyopungua inakatwa kwenye pesa yake. Si mwavuli wa matapeli huo. Ni kaunta ya Aggrey, imeandikwa kwa lugha ya wanasheria.

Kama Ulaya na China ni mbali, Afrika Kusini ina siku 7 tangu sheria yake ya mwaka 2002. Jirani zetu Kenya wameweka haki za mlaji ndani ya Katiba yao ya 2010, ibara ya 46: bidhaa na huduma zenye ubora unaostahili, taarifa za kutosha, na fidia kwa hasara inayotokana na kasoro. Sheria yao ya kumlinda mlaji ya mwaka 2012 inampa mnunuzi wa mtandaoni siku 7 za kuvunja mkataba kama muuzaji hakumpa maelezo yanayotakiwa, na siku 30 kama hakumpa kabisa nakala ya mkataba. Tangu Aprili 2021 wana pia Mahakama za Madai Madogo, zinazosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja za Kenya na zinazotakiwa kumaliza kesi ndani ya siku 60. Simu iliyokufa inaingia humo vizuri kabisa.

Sasa niwasikilize wauzaji, maana nao ni binadamu, tena wengi ni vijana wenzetu waliokosa ajira wakaamua kujiajiri.

Wanasema faida ni ndogo. Mtu anauza simu anapata elfu ishirini, ikirudi moja inakula faida ya kumi. Ni kweli. Lakini hasara ile haipotei kwa kuandika hairudishwi. Inahamia tu kwa mnunuzi, ambaye hana faida hata ya elfu moja ya kuipunguzia. Muuzaji anayeuza simu hamsini kwa mwezi anaweza kuigawa hasara ya moja katika bei ya zile nyingine. Mnunuzi amenunua moja. Ataigawia wapi?

Wanasema wateja nao ni wajanja: mtu ananunua simu kali Ijumaa, anapigia picha kwenye kitchen party Jumamosi, Jumatatu anairudisha. Wapo, sibishi. Ndiyo maana wenzetu wameweka sharti la hali ya bidhaa na makato. Andika IMEI kwenye risiti, weka alama kwenye mifuniko, piga video ukiwa unafunga mzigo. Huwezi kuwanyima haki wateja mia moja kwa sababu ya wajanja watatu. Mbona kwenye kaunta mmewaruhusu wote kujaribu?

Wanasema aliyetuuzia kwa jumla hapokei mzigo mbovu. Hapa ndipo penye tatizo lenyewe. Muuzaji mdogo anambeba mwagizaji mkubwa, na mnunuzi anawabeba wote wawili. Kama mnunuzi angeweza kurudisha, muuzaji angelazimika kumuuliza maswali mwagizaji, na mwagizaji angemuuliza aliyemfungia kontena. Ubora unapanda ngazi kwa njia hiyo, kila mmoja akimsukumia aliyemtangulia. Sentensi ya "hairudishwi" imeikata ngazi chini kabisa, kwenye mikono ya mtu dhaifu kuliko wote.

Tulishaona mwisho wa jambo hili. Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano ilizima simu bandia nchi nzima. Serikali ilikuwa na sababu zake na sizipingi. Lakini simu zile zilizimika mikononi mwa wanunuzi, si kwenye makabati ya wauzaji. Muuzaji alikuwa ameshakula pesa yake. Aliyedanganywa ndiye aliyeadhibiwa, na sentensi yetu ikamkumbusha kwamba mali ikishauzwa hairudishwi.

Na kuna watu ambao suala hili linawagusa kuliko mimi na wewe tunaosoma hapa tukiwa mjini. Mimi nikichoka na wauzaji wa mtandaoni, napanda mwendokasi nashuka Kariakoo, kaunta ninayo. Mwalimu aliyepangiwa shule ndani huko Tandahimba, muuguzi wa zahanati ya Kigoma vijijini, mwanafunzi wa chuo aliyekusanya mkopo wake anunue laptopu ya kuandikia ripoti: kwa hawa mtandao si anasa wala fasheni. Mara nyingi ndilo duka pekee lenye wanachokitaka kwa bei wanayoiweza. Hawana jirani wa kuvukia barabara. Jumia ilipofunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019, wakapungukiwa na mtu mmoja wa katikati ambaye angalau ana ofisi na jina. Tunaposema biashara ya mtandaoni itaufikisha uchumi kila kona ya nchi, tunawazungumzia hao. Halafu tunawauzia kwa masharti magumu kuliko ya mtu anayeweza kutembea kwa miguu hadi dukani.

Nifanyeje hitimisho? Siombi maandamano. Naomba mambo machache.

Wauzaji: andikeni masharti ya kurudisha kabla ya bei, si baada ya malipo. Siku ngapi, hali gani, nani analipa nauli. Kama kasoro ni yenu, nauli ni yenu. Kama mteja amebadili mawazo, nauli ni yake. Mistari minne inatosha. Nawahakikishia atakayekuwa wa kwanza kuandika "jaribu siku 7" na kutimiza, wateja watamfuata. Kizuri chajiuza.

Tume ya Ushindani: pamoja na kuchoma bidhaa feki, isakeni na hii sentensi. Wapeni wauzaji muda, kisha muwaambie wazi kwamba kumwandikia mnunuzi "hairudishwi" bila kutenga bidhaa yenye kasoro ni kumpotosha. Na mtupe njia rahisi ya kulalamika, inayofaa mtu wa Sumbawanga mwenye dai la laki mbili. Mlalamikaji asitumie nauli kubwa kuliko dai lake.

Na sisi wanunuzi: tuache kunyamaza. Sheria inampa mnunuzi muda unaofaa, haimpi milele. Anayekaa na kifaa kibovu miezi mitatu bila kusema anahesabiwa amekikubali. Kabla ya kulipa, piga picha ya skrini ya tangazo na uulize kwa maandishi: ni mpya au iliyotumika, ikiwa na kasoro tunafanyaje? Asiyejibu swali hilo amekujibu. Mzigo ukifika, rekodi video ukiwa unaufungua, boksi lote lionekane. Linganisha IMEI. Jaza memori kadi mpaka mwisho siku ileile. Ukikuta kasoro, andika siku hiyohiyo kwa maneno mafupi: bidhaa hii haikulingana na maelezo, nimeikataa, nadai pesa yangu. Usipige simu tu, andika. Maneno ya simu yanapeperuka, maandishi yanabaki.

Wanasheria wetu wanatuita walaji. Jina lenyewe linachekesha, maana katika biashara hii mara nyingi sisi ndio tunaoliwa. Lakini hata kwa mama ntilie, ukiletewa sahani yenye nzi unaisukuma pembeni unasema mama nibadilishie, naye anabadilisha, hakuonyeshi karatasi ya ukutani. Mama ntilie hajasoma Sura ya 214, ila anajua kwamba chakula hakijaisha kuuzwa mpaka mteja ameonja.

Naomba kutoa hoja. Alamsiki.